Kwaki tano kwenye chembe moja: ilionekana, ikapotea, ikaja nyingine

Ndugu msikilizaji, tulipogusia pentakwaki katika kipindi cha sayansi, meseji ziliingia kwa wingi ambao tumezoea kuuona siku za bei ya kahawa. Wengi waliuliza ni kitu gani. Wengine waliuliza ina faida gani. Na mmoja, wa kule ziwani, akauliza swali lililotufanya tukae chini na kuandika: kama chembe yenyewe haionekani, na ikitokea inavunjika hapohapo, hao wanaosema wameipata wanajuaje kama wameipata kweli?

Swali hilo liliwahi kuwatesa wataalamu wenyewe. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba chembe ya kwaki tano imeonekana Japani. Maabara nyingine takriban kumi zikasema nasi tumeiona. Miaka miwili baadaye ilianza kuyeyuka mikononi mwao. Halafu mwaka 2015 ikatangazwa nyingine, tofauti na ile, na hii mpaka leo ipo. Ukielewa kwa nini ya kwanza ilikataliwa na ya pili ikakubaliwa, umelijibu swali la ndugu yetu wa ziwani.

Soma taratibu, hata kwa vipande. Hatukuweka picha nzito, kwa hiyo bando lako liko salama.

Mafiga matatu

Chukua kipande cha makaa ya mawe, kama yale yanayoteremshwa na malori kutoka Ngaka. Kisage kiwe vumbi, uendelee kusaga hata pale vumbi lisipoonekana tena. Mwisho utafika kwenye atomu, na sehemu kubwa ya makaa hayo ni atomu za kaboni. Atomu ina kiini katikati na elektroni nje yake. Ndani ya kiini cha kaboni ya kawaida mna protoni sita na nyutroni sita. Mpaka hapo ni somo la sekondari, wengi mnalikumbuka.

Sasa ingia ndani ya protoni moja. Nayo si punje tupu. Imeshikwa na vitu vitatu vidogo zaidi viitwavyo kwaki, kama chungu kilivyoshikwa na mafiga matatu. Wazo hili lilitolewa mwaka 1964 na wanafizikia wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake, Murray Gell-Mann na George Zweig. Gell-Mann ndiye aliyezipa jina la kwaki. Zweig alitaka ziitwe kwa jina la ile karata ya ree, lakini jina lake halikushika. Miaka minne baadaye, huko Stanford, California, elektroni zilirushwa kwa kasi kubwa dhidi ya protoni, na nyingine zikadunda kana kwamba zimegonga vitu vidogo vigumu vilivyomo ndani. Wazo likaanza kuwa na mwili.

Kwaki ziko za aina sita. Majina yake ni ya utani tu, nasi tumeyatafsiri wenyewe: juu, chini, ngeni, haiba, msingi na kilele. Protoni ina kwaki mbili za juu na moja ya chini. Nyutroni ina mbili za chini na moja ya juu. Kila kwaki ina kinyume chake kiitwacho antikwaki.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kunasa kwaki moja ikiwa peke yake. Lazima ziwe kwenye kundi, na kundi lina kanuni. Wanafizikia wanaieleza kanuni hiyo kwa rangi, ingawa si rangi za macho: kila kwaki ina nyekundu, kijani au bluu, na rangi zote za kundi zikichanganywa lazima zifutane, zibaki si kitu. Kwaki tatu zenye rangi tatu tofauti zinafutana. Kwaki moja na antikwaki moja nazo zinafutana. Kwa hiyo kwa miaka mingi kila chembe ya namna hii iliyopatikana iliingia katika makundi hayo mawili, ya watatu au ya wawili.

Lakini tatu kujumlisha mbili ni tano. Kundi lenye kwaki nne na antikwaki moja nalo rangi zake zinaweza kufutana, na Gell-Mann alilitaja katika makala yake ileile ya 1964. Kwa hiyo kundi la tano halikukatazwa. Ila kuruhusiwa si kuwepo. Mkulima wa Mbinga anajua kwamba tunda la kahawa lina punje mbili, na mara mojamoja anakuta tunda lenye punje moja ya mviringo, ile inayokwenda daraja la PB. Hahitaji nadharia, anaishika mkononi. Akija mtu kumwambia kuna tunda la punje tano kila mara, ataomba alione.

Kupima kisichoonekana

Hapa ndipo ugumu ulipo. Chembe hizi zinaishi muda ambao ukitaka kuuandika kwa sekunde utaanza na sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 20 na zaidi kabla ya kufika namba yoyote. Hakuna kamera ya kuziwahi. Kinachonaswa ni vipande baada ya kuvunjika.

Fikiria chungu kimevunjika gizani. Asubuhi ukiokota vigae vyote ukavipima, utajua chungu kilikuwa na uzito gani hata kama hukukiona. Kwa chembe, unapima vipande pamoja na kasi yake na mwelekeo wake, halafu hesabu inakupa uzito wa mama yao. Tatizo ni kwamba pale panapogongana chembe pamejaa vigae vya vyungu vingi. Unaweza kuunganisha kigae cha chungu hiki na cha kile, ukapata uzito wa chungu ambacho hakikuwahi kufinyangwa.

Kwa hiyo hawategemei tukio moja. Wanakusanya mengi na kuyapanga. Tuseme tumesimama kwenye mwalo wa Liuli alfajiri mitumbwi ikirudi, na tunapima urefu wa kila samaki anayeshushwa, wa kila aina. Tukichora grafu tutaona mteremko laini, wadogo wengi, wakubwa wachache. Lakini kama yumo samaki wa aina fulani ambaye wakubwa wake wote wanalingana, basi pale kwenye urefu wake grafu itainuka, kama kichuguu katikati ya shamba. Kichuguu hicho ndicho wanafizikia wanachotafuta kwenye uzito.

Ukipima samaki 40, kichuguu kinaweza kutokea kwa bahati tu. Ukipima 40,000, vichuguu vya bahati vinazama, na cha kweli kinasimama zaidi. (Hayo ndiyo yanayoitwa data kwenye sayansi. Si zile za kununua kwa vocha.)

Ukubwa wa ushahidi wanaupima kwa kitu kiitwacho sigma. Sigma 3 ni sawa na kurusha shilingi ikaangukia upande wa picha mara tisa au kumi mfululizo. Utashangaa, lakini wakisimama watu 1,000 mnadani kila mmoja na shilingi yake, pengine mmoja au wawili watapata hivyo bila uchawi wowote. Na wanafizikia wanaochungulia grafu duniani ni wengi kuliko hao. Ndiyo maana walikubaliana kutotamka neno ugunduzi mpaka wafike sigma 5, nafasi ya bahati ikiwa karibu 1 katika milioni 3.5. Hapo shilingi yako iangukie upande wa picha karibu mara 22 bila kukosa.

Matukio 19

Mwaka 1997 wanafizikia watatu, Dmitri Diakonov, Victor Petrov na Maxim Polyakov, walitoa hesabu iliyotabiri chembe ya kwaki tano yenye uzito wa 1530. Kipimo hicho cha uzito wa chembe kina jina refu, tuliache. Wewe shika tu kwamba protoni kwa kipimo hichohicho ni 938. Chembe yenyewe ingekuwa na kwaki mbili za juu, mbili za chini na antikwaki moja ngeni. Baadaye ilipewa jina la Theta.

Japani kuna mashine iitwayo SPring-8, katika mkoa wa Hyogo. Kundi lililoongozwa na Takashi Nakano lilikuwa na data za miale ya gama iliyopigwa kwenye plastiki yenye kaboni, kaboni ileile iliyojaa kwenye makaa ya Ngaka. Walipanga vipande vyao, wakachora grafu, na karibu na 1540 kikainuka kichuguu. Kilikuwa na matukio 36. Kati ya hayo, 17 yalihesabiwa kuwa ya kawaida. Yaliyobaki, 19, ndiyo yaliyodaiwa kuwa Theta. Walikadiria sigma 4.6 na wakachapisha mwaka 2003.

Matukio 19! Tunaliandika kwa mshangao, lakini si kwa dharau. Kila ugunduzi unaanza na kidogo, na uzito ulikuwa palepale ulipotabiriwa. Mtu yeyote angesisimka.

Kisha ikaja mvua. Urusi wakasema wameiona kwenye data za zamani. Ujerumani wakasema wameiona, Bonn na Hamburg. Marekani, kwenye maabara ya Jefferson iliyopo Newport News, Virginia, nao wakasema wameiona, na kadirio lao lilipita sigma 5. Wanafizikia wa kalamu na karatasi wakaandika mamia ya makala kueleza kitu hicho kimejengwaje.

Kulikuwa na dalili za kutia shaka, na wapo walioziona mapema. Uzito uliotajwa haukulingana sawasawa kutoka maabara moja hadi nyingine. Kila kundi lilikuwa na matukio machache. Na maabara nyingine, zenye data nyingi kuliko hizo, zilitafuta na hazikukuta kitu. Lakini kumi wanaosema ndiyo wana kelele kuliko wanaosema bado hatujaona.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini. Je, wale kumi walikuwa waongo? Hapana, na hatujui mtu makini aliyewahi kuwaita hivyo. Kilichotokea ni cha kibinadamu zaidi. Unapochambua data lazima uchague: tukio hili nilichukue, lile nilitupe kwa sababu kigae kilipita pembeni, hili lina shaka. Kila chaguo lina sababu nzuri. Lakini ukiwa unajua kwamba kitu kinatakiwa kuonekana 1540, na unaitazama grafu huku unachagua, utajikuta unaacha kuchagua pale kichuguu kilipopendeza. Hujadanganya. Ila umeupalilia upande mmoja.

Na wote kumi walijua namba ile. Tunalijua jambo hili vijijini. Habari ikifika kwa watu kumi, na wote kumi wamesikia kutoka kwa mtu mmoja, hao si mashahidi kumi. Kwenye makundi ya WhatsApp tunaliona kila wiki: ujumbe mmoja unazunguka, unarudi kwako kutoka pande nne, na unaanza kuuamini kwa sababu umetoka pande nne.

Waliorudi kupima

Kilichomaliza ubishi hakikuwa maneno. Maabara ya Jefferson, walewale waliosema wameiona, waliamua kupima upya wakiwa na data nyingi zaidi kwa mbali. Kwanza walitumia haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja tu. Matokeo yakatangazwa mwaka 2005: grafu ilikuwa laini. Mahali pa kichuguu palikuwa tambarare. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya kurudia jaribio lao wenyewe la mwanzo, kwa shabaha ya aina ileile. Hapakuwa na Theta. Walipolitazama tena dai lao la mwanzo wakiwa na data hizo mpya, nguvu yake ilishuka mpaka karibu sigma 3, kiwango cha yule bwana wa mnadani mwenye shilingi.

Tungependa uone uzito wa hatua hiyo. Ni rahisi kurudi kupima dai la jirani. Hawa walirudi kupima la kwao, kwa fedha na muda wa miaka, wakijua jibu linaweza kuwaumbua mbele ya dunia nzima, na lilipokuja baya walilitangaza. Kitabu kikuu cha kumbukumbu cha fani hiyo, kinachoorodhesha chembe zote zinazokubalika, mwaka 2006 kiliandika kwamba ushahidi unaelekeza kuwa Theta haipo.

Nakano na wenzake hawakukubali kirahisi. Mwaka 2009 walichapisha tena, safari hii kwa haidrojeni nzito, wakisema bado wanaona dalili. Hiyo ni haki yao, na sayansi haimfungi mtu mdomo. Ila wengi hawakushawishika.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo neno pentakwaki lilikuwa kama jina la mtoto aliyefariki. Lilitajwa kwa sauti ya chini.

Waliopata bila kutafuta

Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva, kuna handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 27, takriban meta 100 chini ya ardhi. Ni mali ya taasisi iitwayo CERN. Humo protoni zinakimbizwa mpaka zinazunguka duara lote zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, kisha zinagonganishwa uso kwa uso. Penye mojawapo ya sehemu za kugongana pamejengwa mtambo uitwao LHCb, wenye urefu wa meta 21 na uzito wa tani 5,600, kazi yake ikiwa kunasa vipande vya chembe zenye kwaki ya msingi.

Watu wa LHCb hawakuwa wanaitafuta pentakwaki. Walikuwa na shughuli nyingine, na katika shughuli hiyo walikutana na chembe nzito iitwayo Lamda-b ikivunjika vipande vitatu: protoni, chembe moja iitwayo kaoni, na nyingine iitwayo J/psi. Hiyo J/psi ni kwaki ya haiba pamoja na antikwaki yake. Walipojumlisha uzito wa protoni na J/psi kwa kila tukio, grafu ikatoa kichuguu karibu na 4450, na hakikuwa cha kuchungulia. Kilisimama wima.

Piga hesabu mwenyewe. Protoni ina kwaki tatu. J/psi ina kwaki na antikwaki. Kama protoni na J/psi zilitoka kwenye kitu kimoja kilichoishi japo kwa kitambo kile kifupi, kitu hicho kilikuwa na tano.

Kivuli cha 2005 kilikuwa bado kinawafuata. Badala ya kukimbilia vyombo vya habari, walijaribu kwanza kukieleza kichuguu bila pentakwaki. Walichukua chembe zote za kawaida zinazojulikana ambazo zingeweza kupita katikati ya mvunjiko huo, wakazitia kwenye hesabu moja baada ya nyingine, kuona kama mchanganyiko wake unaweza kuiga kichuguu. Haukuweza. Walikuwa na matukio yapatayo 26,000 ya Lamda-b, si 36. Mmoja wa walioongoza uchambuzi huo alikuwa Sheldon Stone wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, mzee wa fani aliyefariki mwaka 2021. Tarehe 14 Julai 2015 wakatangaza pentakwaki mbili, moja ya uzito wa 4380 na moja ya 4450. Sigma zake: 9 na 12.

Hata hivyo, wenye kumbukumbu walisema tungoje. Theta nayo ilianza na shangwe. Kipimo cha kweli kingekuja data zikiongezeka.

Zikaongezeka. Mwaka 2019 LHCb walirudi na matukio ya Lamda-b karibu mara tisa ya yale ya mwanzo. Kile kichuguu cha 4450 hakikuzama. Kilipasuka katikati. Kumbe zilikuwa mbili zilizokaribiana sana, 4440 na 4457, na data chache za mwanzo zilizionyesha kama moja, jinsi mitumbwi miwili ya mbali usiku inavyoonekana taa moja mpaka isogee. Na pembeni kikaibuka kingine ambacho hakikuonekana mwanzo, cha 4312. Mwaka 2022, tarehe 5 Julai, wakatangaza nyingine, ya 4338, ambayo ndani yake imo kwaki ngeni. Hiyo ina sigma 15.

Kwa hiyo jibu kwa ndugu yetu wa ziwani ni hili: wanaijua ya kweli kwa kuipima tena. Theta ilipoletewa data nyingi ilisawazika. Hizi zilipoletewa data nyingi zilionyesha sura zaidi.

Faida yake kwa mwenye jembe

Tuwe wakweli, hakuna matumizi ya pentakwaki yanayojulikana. Haitakoboa kahawa wala kuendesha pampu. Na wale mliouliza kama ni hatari kama mionzi ya urani inayozungumzwa kule Namtumbo, hapana. Urani ni madini, ipo ardhini miaka yote. Hizi hazidumu hata muda wa kutoka kwenye atomu moja kwenda ya jirani. Tena miale kutoka anga za mbali inagonga hewa juu ya vichwa vyetu kila siku, mingine kwa nguvu kuliko mashine ya Geneva, na Umatengo ipo salama.

Lakini chukua gunia la kahawa la kilo 60. Ukijumlisha uzito wa kwaki zote zilizomo, zenyewe peke yake, hutafika kilo moja. Kilo 59 na ushee zinazobaki zinatoka kwenye nguvu inayozishikilia na mchakamchaka wa ndani ya protoni na nyutroni. Yaani mgongo wa mbebaji unauma kwa sababu ya nguvu hiyo, na wanafizikia bado hawawezi kuipigia hesabu kwa urahisi. Kundi la tano ni mahali pa kuijaribu ambapo makundi ya tatu na ya mbili hayafiki.

Pia vyombo vinabaki. Mtandao wa kurasa unaosoma sasa hivi kwenye simu yako ulibuniwa CERN mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, kwa ajili ya watafiti kupeana taarifa. Mashine za kukimbiza chembe, ndogo zaidi, zinatibu saratani katika hospitali nyingi duniani, na Ocean Road, Dar es Salaam, wanazo.

Kwa kijana anayesoma PCM na anayedhani mambo haya ni ya Ulaya tu, Kigali ipo taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha shahada za juu. Kigali huohuo mwaka 2016 ulikuwa mwenyeji wa Shule ya Fizikia ya Afrika, ambayo huhamia nchi tofauti kila inapofanyika. Si mbali kama Geneva.

Bado hawajakubaliana

Kinachobishaniwa sasa ni namna zile tano zilivyokaa. Je, ni mafiga matano yamebana chini ya chungu kimoja? Au ni vyungu viwili, kimoja cha kwaki tatu na kingine cha mbili, vimegusana kwa muda tu? Uzito wa 4312 na wa 4457 uko chini kidogo tu ya jumla ya chembe mbili za kawaida zikiwekwa pamoja, na hilo linawafanya wengi waegemee vyungu viwili. Sisi tukisikiliza hoja zao tunaona upande huo una nguvu, lakini wapo wenye hesabu nzuri upande wa pili.

Maabara ya Jefferson nao walijaribu kuzitengeneza kwa njia nyingine, kwa kupiga miale kwenye protoni mpaka itokee J/psi. Matokeo yao ya 2019 hayakuzionyesha. Hilo halizifuti zile za LHCb, kwa sababu inawezekana njia hiyo huzitoa mara chache mno, ila linabana maelezo ya zimejengwaje.

Na ile ya 4380, iliyotangazwa 2015 na sigma 9 zake? Uchambuzi wa 2019 haukuithibitisha wala kuikataa. Kichuguu chake ni kipana, kimelala, na ni vigumu kukitofautisha na mteremko ulio chini yake. LHCb wamekarabati mtambo wao na wanaendelea kukusanya data. Mpaka zitoshe, 4380 inabaki kwenye orodha ikiwa na alama ya kuuliza.